Nani atarudi bomba likivuja tena?

Ukihamia nyumba mpya Arusha, iwe Olasiti, Muriet au Moshono, swali la fundi bomba huja mapema. Koki ya jikoni haifungi vizuri, tangi la choo halijai, au bili ya maji imeruka bila sababu unayoijua. Zamani jibu lilikuwa moja tu: muulize jirani. Siku hizi jirani bado yupo na fundi wake, lakini simu nayo ina programu na kurasa ambako unaandika shida yako, unaonyesha ulipo, na fundi anatumwa kwako kama unavyoita gari la Bolt. Wengi huzipima njia hizi mbili kwa bei na kwa haraka. Mimi nadhani vipimo hivyo ni vya juu juu, na ndiyo maana mtu anaweza kuchagua kwa makini kabisa na bado akajuta.

Kumwita fundi ni mambo matatu yanayolipiwa kwa pamoja. Kuna kumpata mtu. Kuna kujua kama kazi anaiweza. Na kuna kuwa na namna ya kumrudisha kazi yake ikiharibika. Programu imetatua la kwanza vizuri sana, la pili imelitatua nusu, na la tatu, kwa kazi ya mabomba, imeligusa kidogo mno. Fundi wa mtaa yuko kinyume chake. Kumpata siku unayomhitaji ni mtihani, ujuzi wake unaupata kwa kusikia, lakini kumrudisha ni rahisi kwa sababu unajua anapokunywa chai asubuhi.

Hilo la tatu ndilo nataka tulitazame kwa kituo, kwa sababu kazi ya mabomba ina tabia yake.

Kasoro huchelewa kuonekana

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Arusha na Moshi hutumia mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo fundi huyaunganisha kwa mashine ya kuchomea. Mashine hupashwa hadi nyuzi joto 260 hivi. Bomba na kiungo vinaingizwa kwenye mashine kwa pamoja, vinahesabiwa sekunde chache, vinatolewa na kusukumwa vishikane bila kuzungushwa. Kwa bomba la milimita 20 kipimo cha kawaida ni sekunde 5, la 25 ni sekunde 7, la 32 ni sekunde 8. Fundi akizidisha, plastiki iliyoyeyuka inavimba kwa ndani na kubana njia ya maji. Akipunguza, kiungo kinashika juu juu.

Kosa lolote kati ya hayo mawili linaweza kupita siku ya kazi bila mtu kuliona. Maji yanatoka, fundi anakusanya vyombo vyake, mwenye nyumba anafurahi na analipa. Kiungo kilichoshika juu juu kinaweza kukaa wiki au miezi kabla ya kuanza kutoa jasho ndani ya ukuta, na kitu cha kwanza utakachokiona ni rangi inayobanduka karibu na sakafu. Kufikia hapo tatizo limeshatoka mikononi mwa fundi bomba peke yake, limefika kwa fundi wa vigae na wa plasta.

Sasa jiulize, zile nyota ambazo wateja huwapa mafundi kwenye programu hutolewa lini? Mara nyingi jioni ileile, au kesho yake. Zinapima kama fundi alifika kwa wakati, kama alisema kwa adabu, kama aliacha bafu safi. Hayo yana thamani na mafundi wengi wa mtaani wangefaidika kuyajali. Lakini hayakuambii lolote kuhusu kiungo kilichofunikwa. Mtu mwenye nyota tano anaweza kuwa fundi hodari, na anaweza pia kuwa fundi mpole ambaye viungo vyake bado havijafikisha miezi mitatu. Katika mji wa ukubwa wa Arusha, achilia mbali Moshi, fundi mmoja huenda akawa na maoni ya wateja saba au kumi tu, na hapo hata wastani wake hauna uzito.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa fundi bomba methali hiyo ina shida, maana kazi yake nzuri huzikwa ukutani, na hakuna anayemsifu mtu kwa maji kutovuja. Anayemkumbuka ni yule aliyeishi na kazi yake miaka minne. Huyo jirani wa miaka minne ndiye ushahidi ambao programu bado haina.

Mteremko wa Meru na presha ya usiku

Kuna ujuzi mwingine ambao fundi wa mtaa huwa nao bila kuusomea. Arusha imekaa kwenye mteremko wa Mlima Meru. Kati ya Ilboru kule juu na Muriet kule chini kuna tofauti kubwa ya mwinuko, na maji yaliyojaa kwenye bomba huongeza presha ya takriban bar 1 kwa kila mita 10 yanazoshuka, isipokuwa pale palipowekwa matangi ya kuipunguza. Usiku, watu wakiwa wamelala na koki zimefungwa, presha hupanda zaidi. Ndiyo maana floti ya simtanki, lile boya linalofunga maji tangi likijaa, iliyotulia mchana inaweza kushindwa saa nane za usiku, na ukaamka uwanja umelowa. Moshi nako ni hivyo hivyo: sehemu kubwa ya maji ya mji hushuka kutoka chemchemi za miteremko ya Kilimanjaro, kama Nsere na Shiri, na anayeishi Pasua kule chini hapati presha sawa na anayeishi Shanty Town kule juu.

Fundi aliyefanya kazi mtaani kwako anajua maji hutoka siku zipi, presha ikoje, na ni nyumba zipi bado zina mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu. Fundi aliyetumwa kutoka upande mwingine wa mji hana habari hizo. Anaweza kuwa na ujuzi mkubwa kuliko wa mtaani na bado akakufungia floti isiyofaa kwa presha ya kwako.

Nina swali ninalopenda kumuuliza fundi yeyote mgeni, awe wa programu au wa kuelekezwa na mtu. Namwambia: "Fundi, simtanki yangu iko kwenye mnara wa mita tatu, na hita ya bafuni, ile inayopasha maji papo hapo, haiwaki. Tatizo ni nini?" Anayejua atafikiria presha kwanza. Maji yaliyo mita tatu juu yana bar 0.3 tu, na hita nyingi za aina hiyo zina swichi inayosubiri msukumo wa kutosha ndipo ziwake. Atauliza bomba linaloshuka lina upana gani na lina kona ngapi. Asiyejua atakwambia ununue hita nyingine.

Jambo la pili la kumpimia fundi linahusu floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, na hili kwa Arusha na Arumeru ni la afya. Maeneo mengi kuzunguka Meru yana maji yenye floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi ambao kila mtu hapa ameuona. Fundi akikuuzia chujio la kawaida la uzi au la mkaa wa mbao, akisema litaondoa floraidi, mkatalie kwa heshima. Machujio hayo huondoa mchanga, harufu na uchafu. Kuchemsha nako hakuondoi floraidi. Zinazoipunguza ni njia kama mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, au mashine za kuchuja kwa utando mwembamba sana.

Kwa nini programu za mafundi hupata shida ambazo za teksi hazipati

Watu huuliza: ikiwa nimeweza kuita gari kwa simu, kwa nini fundi asiwe hivyo hivyo? Biashara hizi mbili zinafanana kwa sura tu. Ukiita gari, dereva yeyote mwenye leseni atakufikisha, na kesho huhitaji dereva yuleyule. Fundi mzuri unamtaka huyohuyo tena. Kwa hiyo baada ya kazi ya kwanza mnapeana namba, na kuanzia hapo programu haina nafasi. Kampuni imelipa gharama ya kukukutanisha naye, ikapata kamisheni ya mara moja, basi. Homejoy ya Marekani, iliyokuwa ikiwapeleka watu wa usafi majumbani, ilifungwa Julai 2015. Kampuni yenyewe ilitaja kesi kuhusu haki za wafanyakazi, lakini waliofuatilia biashara ile waliona pia wateja na wasafishaji wakimalizana wenyewe pembeni.

Kamisheni nayo ina uzito wake. Tuliona kwenye usafiri mwaka 2022: LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni wanayokatwa madereva, na Uber ikasitisha huduma Tanzania Aprili mwaka huo, ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kampuni zilisema hazijiendeshi kwa kiwango kile, madereva walisema hawabaki na kitu. Hamishia hesabu hiyo kwa fundi bomba. Tuseme ufundi ni shilingi 40,000 na kampuni inakata robo. Fundi anabaki na 30,000, hapo bado nauli ya bodaboda. Ama atapandisha bei, ama atafanya kazi haraka awahi nyingine, ama atakunong'oneza: "Mama, wakati mwingine nipigie moja kwa moja." Simlaumu kwa hilo la mwisho. Lakini tambua kwamba siku utakapompigia moja kwa moja, ulinzi wowote ambao programu iliahidi unakuwa umeuacha, na amekuwa fundi wako kama fundi mwingine yeyote.

Kuhusu ulinzi huo, soma masharti kabla ya kubonyeza kukubali. Kampuni nyingi za aina hii hujieleza kuwa zinakutanisha watu tu na kwamba mkataba ni kati yako na fundi. Zikitoa dhamana, tafuta inadumu siku ngapi, inalipia kurudia kazi au inalipia pia kigae kilichovunjwa. Kama masharti hayasemi, chukulia hakuna.

Asiye na jirani wa kumuuliza

Nimeegemea upande wa fundi wa mtaa, lakini ningekuwa mdhalimu nisingesema jambo hili. Mtandao wa kuelekezana unawahudumia waliokwisha kuwemo. Mwenye jumuiya, mwenye kikoba, anayeswali msikiti uleule miaka kumi, akiuliza fundi anapewa majina matatu. Binti aliyehamishiwa kazi Moshi wiki iliyopita, amepanga chumba na sebule Majengo na hajui mtu, akiuliza dukani anapewa aliyekuwa amesimama karibu. Kwake programu ina kitu cha thamani kabisa: kuna kumbukumbu ya nani aliingia nyumbani kwake, saa ngapi, na picha yake ipo. Kwa mwanamke anayeishi peke yake hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Ipo pia hali ya fundi mwenyewe. Kijana aliyemaliza mafunzo ya ufundi VETA, ana cheti, ana mikono mizuri, lakini hana jina. Kazi za mtaani zimeshikwa na wazee wa kazi na saidia fundi wao. Msichana aliyesomea fani hii ana mzigo zaidi, maana mteja akimwona mlangoni huuliza fundi yuko wapi. Orodha ya kwenye simu inayoonyesha cheti na kazi alizofanya inampa mlango ambao mtaa haukumpa. Tukisema kila mtu abaki na fundi wake wa siku zote, tunawaacha hawa nje.

Cheti nacho kina njia mbili. Wapo waliosoma darasani, na wapo waliojifunza kazini kwa miaka ndipo VETA ikawapima na kuwarasimishia ujuzi wao. Wa kundi la pili wasidharauliwe. Nimeona kazi zao na ni safi. Muulize fundi wako kama amewahi kupimwa, na umtie moyo aende.

Na fundi wa mtaa ana makosa yake, mengine mazito. Hajui kukataa kazi, hivyo anakuwa na nyumba tano kwa wakati mmoja na kila moja anaiambia "kesho asubuhi". Anachukua advansi ya kwako kumalizia vifaa vya mwingine. Akishakuwa shemeji wa binamu yako, kumwambia kazi yake ni mbovu kunakuwa ugomvi wa ukoo, na watu wengi hunyamaza wakaita fundi mwingine kwa siri. Uaminifu unaokufunga mdomo una gharama. Halafu kuna cha juu: fundi anakupeleka duka fulani, bei inaongezwa kidogo, naye anapita baadaye kuchukua chake. Programu haiondoi tabia hii, kwa sababu vifaa kwa kawaida vinanunuliwa nje yake.

Basi niite nani?

Kabla ya kumwita yeyote, jua maji yanapotelea upande gani wa mita. Kabla ya mita ni kazi ya mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi; piga simu kwao na usilipe fundi. Mita yenyewe haiguswi na fundi wako, kuichezea ni kosa la kisheria. Baada ya mita ni juu yako, na kila uniti inayopotea, yaani lita 1,000, utailipia. Kipimo ni rahisi: funga koki zote pamoja na vavu inayojaza simtanki, kisha tazama kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikizunguka, bomba linavuja mahali fulani kabla ya koki zako. Kisipozunguka na bili bado inapanda, angalia floti ya simtanki na tangi la choo, huko maji hupotea kimyakimya.

Kwa kazi inayoonekana na inayoweza kurudiwa bila kuvunja kitu, kama koki, bomba la sinki, floti au kiti cha choo, programu inafaa na pengine itakuokoa muda. Ikikosewa, unaona siku ileile. Kwa chochote kitakachofunikwa na plasta, kigae au udongo, mimi namtaka mtu ambaye nimeongea na mwenye nyumba aliyeishi na kazi yake. Na dharura ya usiku ni hali ya peke yake: funga vavu kuu kwanza, na kama hujui iko wapi, itafute leo. Ukishaifunga huna haraka tena ya kumkubali yeyote atakayepokea simu.

Kwa mgeni mjini, ningeshauri azitumie njia zote mbili kwa zamu. Mwite fundi wa programu kwa kazi ndogo ya koki. Mtazame: alifunga maji kabla ya kufungua? Alisafisha nyuzi za zamani kabla ya kuzungushia tepu? Alisubiri kuona kama panatona? Akikuridhisha, mpe kazi ya pili, na hatimaye utakuwa na fundi wako bila kusubiri miaka minne.

Kwa yeyote yule, tenganisha pesa. Uliza hivi: "Fundi, ufundi peke yake ni shilingi ngapi, ukiondoa vifaa?" Vifaa nunua mwenyewe au mwende pamoja, ukadai risiti yenye jina lako. Advansi iwe ya vifaa, ufundi ulipwe kazi ikikamilika, na kwenye kazi kubwa zuia sehemu ndogo kwa wiki mbili kwa makubaliano ya mapema. Fundi mzuri hakasiriki ukimweleza mapema, hukasirika ukimshtukiza. Mkishakubaliana, mtumie ujumbe wa WhatsApp: kazi gani, bei gani, atarudi bure ndani ya muda gani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi, na mara nyingi kuwepo kwake tu kunatosha kumaliza ubishi. Kama umepanga, mshirikishe mwenye nyumba kwa ujumbe pia kabla ya kuvunja ukuta wake au kukata gharama kwenye kodi.

Ukitumia programu, kumbuka unaipa mahali unapoishi na saa unazokuwa nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa hizo zinatumikaje.

Mwisho, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi wasipoombwa. Kabla plasta haijapigwa au shimo halijafukiwa, mwambie fundi ajaze maji, afunge koki zote, na kama ana pampu ya kupimia presha aiunganishe, yakae hivyo angalau saa moja huku mkipita kila kiungo kwa mkono mkavu. Kisha piga picha mabomba yakiwa wazi, ukiweka futi kamba iliyofunguliwa kando yake ili vipimo vionekane kutoka kona ya ukuta hadi kwenye bomba. Hifadhi picha hizo na umtumie fundi nakala. Atakayekuja baada ya miaka mitano, awe yuleyule au mwingine kabisa, atajua pa kutoboa na pa kuacha.